Panga la Jumapili

Fon Sirik, Dominica
9 Juni 1959

Mdogo wangu Theofil,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini meli imekufikisha, na kwamba tumbo lako, ambalo hata mashua ya kwenda mjini hulipindua, halikukuaibisha mbele za watu. Sisi tupo. Ng'ombe amezaa, ndama dume. Mvua zimewahi na magimbi yameshika vizuri. Mama yako wa ubatizo, Nennen Agat, anakusalimu na anauliza kama huko Uingereza Mungu wanamwabudu au wanamsoma tu kwenye gazeti.

Sasa nikueleze la kwangu. Ulipoondoka Jumatano ile, siku tatu baada ya msiba, tulikuwa bado hatujui mwanangu Lambert watamshtaki kwa lipi. Tumeshajua. Ni kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kitanzi. Nimeliandika neno hilo mara moja, sitaliandika tena.

Nimempata wakili mjini, Bwana Royer, mtu mwembamba asiyecheka. Anasema serikali inakubali kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa wa kipuuzi: dhumna, sita kwa bila, Lambert akasema Stafford Seraphin anampigia mwenzake ukope kumwashiria dhumna alizonazo, wakasukumana. Inachoshikilia ni panga. Lambert aliondoka dukani kwa Ma Titin mikono mitupu, akatembea robo saa mpaka nyumbani, akalitoa panga nyuma ya mlango, akatembea robo saa kurudi, akampiga Stafford pigo moja la shingo. Mtu aliyepewa nusu saa ya kutembea peke yake, wanasema, huyo ameamua. Mimi nilikuwa kanisani kwenye rozari, sikumwona akiingia wala akitoka.

Nilikwenda gerezani nikamuuliza, "Panga ulilifuata la nini?" Akaniangalia kama vile mimi ndiye mjinga. Akasema, "Mama, muulize mjomba."

Nikuulize nini, Theofil? Si uliondoka mchezo ukiwa tatu bila? Hivyo ndivyo ulivyoniambia, na ndivyo ulivyomwambia koplo wa polisi.

Dada yako,
Ozeline


London
5 Julai 1959

Dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeibusu. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ina adabu mbaya, inaingia mpaka kitandani bila kubisha hodi, na hiki ndicho wanachokiita kiangazi. Naishi chumba kimoja na wenzangu watatu, wawili wa kwetu na mmoja Mtrinidadi anayeimba akiwa usingizini. Nimepata kazi kwenye kiwanda cha mikate. Mikate yao, dada, ukiuma unauma hewa. Naota shelisheli la kuchoma.

Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mwiteni Winston. Mwambie Nennen Agat kanisa lipo, lakini padri anahubiri dakika nane na watu wanamshukuru.

Kuhusu Lambert, moyo unaniuma. Nilimbeba mgongoni mtoto yule. Lakini mtu akiwa gerezani husema mengi, akili inatafuta pa kushika. Mtie moyo. Mwambie asali.

Baridi imenikaza vidole, kwa hiyo naishia hapa.

Mdogo wako,
Theofil


Fon Sirik
28 Julai 1959

Theofil,

Salaam. Tu wazima. Ndama hatukumwita Winston. Ndizi zimeanza kununuliwa tena na nabeba mashada mpaka barabarani kila Jumatatu. Zamani nilibeba na Ma Seraphin, mama yake Stafford, mimi mbele yeye nyuma, miaka kumi na minne. Sasa anasubiri nipite kwanza. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya zaidi.

Lambert amemwambia wakili kila kitu, na wakili ameniambia mimi. Anasema wewe hukuondoka. Anasema uliwatenganisha, ukasimama katikati, ukampa amri ya kwenda nyumbani kuchukua panga awakatie washindi madafu, kama ilivyo desturi yetu kwa aliyeshindwa sita kwa bila, ili mambo yaishe. Ma Titin haruhusu panga dukani kwake tangu vita vya akina Laronde, kwa hiyo ilibidi mtu alifuate nyumbani. Hivyo ndivyo anavyosema. Ma Titin mwenyewe alikuwa uani anakaanga samaki.

Mliokuwa mezani ni wanne. Stafford amekufa. Ndugu yake Norbert anaapa kwamba siku hiyo hakuna aliyedai madafu. Unabaki wewe. Na wakili akanitolea karatasi yenye sahihi yako, ile ya koplo, inayosema uliondoka ukaenda kufunga mizigo. Akasema, "Mama, neno la mshtakiwa peke yake ni neno la mtu anayezama. Nahitaji mwingine aliye nchi kavu."

Nisikilize. Panga likiwa limefuatwa kwa hasira, mwanangu anakufa. Likiwa limefuatwa kwa madafu na hasira ikaja baadaye, basi ameua bila kukusudia, atafungwa miaka, atazeeka, lakini nitakuwa naye. Hakuna kitu kingine katikati.

Je, ulimtuma? Sitaki habari za mikate. Nijibu kwa neno moja.

Ozeline


Fon Sirik
14 Septemba 1959

Theofil,

Hii ni ya tatu bila jibu. Ile fupi ya Agosti sijui kama imekufikia. Upepo umeangusha migomba ya upande wa mto. Nennen Agat ameanguka ngazi za kanisa, mguu umevimba lakini mdomo haujaguswa.

Msichana wa posta ananiona mlangoni ananitikisia kichwa kabla sijauliza. Mtu anaweza kufa kwa kutikisiwa kichwa, nakuambia.

Kesi ni Novemba. Wakili anasema hata ukishindwa kuja, nenda kwa mtu wa sheria huko, uape, uandike, aweke muhuri, utume. Karatasi moja. Sikuombi damu yako.

Mimi ndiye niliyekulea mama alipofariki. Sijawahi kukukumbusha. Leo nakukumbusha.

Ozeline


London
10 Oktoba 1959

Dada yangu,

Nisamehe. Niliugua kifua, wiki tatu nimelala, Mtrinidadi ndiye aliyenipikia supu. Barua zako zote zimefika, niliziweka chini ya godoro nikawa nalala juu yake. Mpe pole Nennen.

Unaniuliza neno moja. Dada, mambo yale yalikwenda haraka, na mimi kichwa changu kilikuwa tayari kwenye meli. Hata kama ningekumbuka hivi au vile, nilichotia sahihi nimetia sahihi. Mtrinidadi anasema mtu akiigeuza karatasi yake ya polisi wanamrudisha kwa pingu na kumfunga yeye. Miaka sita nimeitafuta nafasi hii. Nikifungwa sitakuwa na faida kwa Lambert wala kwako.

Lakini nimefikiri usiku na mchana, na njia ipo. Kwa nini lazima panga liwe limefuatwa nyumbani? Nani alimwona Lambert akienda nyumbani hasa? Norbert alimwona akiondoka na akirudi, basi. Wewe ni mama yake. Sema panga alikuwa nalo tangu asubuhi, alilificha kwenye majani nje ya duka kwa sababu ya Ma Titin, na alipotoka alikwenda kupunga upepo tu. Kisiwani kwetu nani asiyetembea na panga? Hata jaji atakuwa ameshawaona barabarani. Panga kwa mkulima ni kama mkono wa tatu. Mwambie Lambert naye aseme hivyohivyo, mseme kitu kimoja.

Ukisema hivyo hunihitaji mimi kabisa.

Nakupenda, dada. Nifikirie vizuri.

Theofil


Fon Sirik
24 Novemba 1959

Theofil,

Wa hapa ni wazima. Ng'ombe anatoa maziwa. Mguu wa Nennen unapona.

Mwanangu amehukumiwa kufa.

Nitakueleza yote kwa mpangilio, na uyasome yote. Ukifika mahali pagumu usiikunje barua ukaiweka chini ya godoro.

Lambert alikataa ushauri wako. Alisema atasema yaliyotokea na si mengine. Alisimama akasema mjomba alimtuma panga kwa ajili ya madafu. Mwendesha mashtaka akamsomea karatasi yako, taratibu, mara mbili, pamoja na sahihi. Akamuuliza, "Mjomba wako aliyekuwa anafunga mizigo ndiye aliyekutuma?" Lambert akasema ndiyo. Watu wakaguna.

Usiku ule nililala kwa binamu yetu mjini, na niseme ukweli, sikulala. Nikaona mwanangu anazama. Nikajiambia jaji ni mtu wa nje, hajui yetu, na mama akisema kwa machozi nani atamkatalia. Asubuhi nikamwambia wakili nataka kusema. Akaniuliza nitasema nini, nikamwambia. Akaniambia nisiseme. Akasema atapata la kufanya na maneno ya Lambert yenyewe, kwamba pigo lilikuwa moja tu na baada yake mtoto alikaa chini barabarani akamsubiri koplo. Nikamwambia kama haniiti nitapiga kelele kutoka kwenye benchi. Basi akaniita.

Nikashika Biblia nikasema panga alikuwa nalo tangu asubuhi. Nililisema vizuri, Theofil. Jaji aliandika. Nikaona kalamu yake inakwenda nikashukuru Mungu.

Yule mwendesha mashtaka ni kijana, lakini si wa nje. Ni mtoto wa kaskazini, baba yake alilima magimbi kama baba yetu. Akainuka, akaniamkia kwa heshima, akasema, "Mama Valmond, ilikuwa siku gani?"

Nikasema Jumapili.

"Asubuhi Lambert alikwenda wapi?"

Nikasema Misa. Ningesema nini, na kijiji kizima kilimwona amevaa kofia yake nyeupe?

"Alikwenda Misa na panga?"

Nikaiangalia ile Biblia. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonea aibu mwenzake, "Mama, padri alimpa komunyo na panga mkononi?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Niliwaangalia wale kumi na wawili waliokaa kuamua. Jaji alikuwa mgeni, ndiyo, lakini wao walikuwa wetu: fundi viatu, wenye maduka, na mzee mmoja mwenye viganja vya shamba. Yule mzee aliinamisha kichwa. Wote wanajua, kama ninavyojua mimi na kama unavyojua wewe, kwamba panga mtu hutembea nalo siku sita, na ya saba linakaa nyuma ya mlango. Miezi sita tu huko ndiyo imekusahaulisha Jumapili?

Mwendesha mashtaka akawaambia, "Kama panga lilifuatwa kwa jambo safi, kwa nini mama yake anaona lazima alifiche?" Akakaa. Hakuhitaji zaidi. Walitoka wakarudi kabla chai haijapoa.

Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa tukiwa wadogo. Mimi ndiye niliyeitembea na mwanangu ndiye aliyefika mwisho wake. Uongo ulikuwa wako, Theofil, lakini mdomo ulikuwa wangu, na hilo sitamtupia mtu mwingine.

Wakili anaandika kuomba huruma kwa wakubwa. Anasema muda ni wiki chache.

Sijui nikuombe nini tena.

Ozeline


London
3 Desemba 1959

Dada,

Sina salaam. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye ngazi na sikuweza kuzimaliza ngazi.

Nilikuwepo. Nilikuwepo mpaka mwisho. Ninaandika hapa kila kitu, na nimekwenda asubuhi hii kwa mtu wa sheria, nimeapa, nimemwambia yale niliyomwambia koplo ni uongo, na karatasi yake yenye muhuri imo ndani ya bahasha hii. Wanifunge wakitaka.

Tulishindwa sita kwa bila. Lambert akamwambia Stafford anapiga ukope. Stafford akamvua kofia ile nyeupe, akasema mtu asiyeona dhumna hana kazi na kofia. Wakashikana. Niliingia katikati. Nikafikiri, heri nusu shari kuliko shari kamili, huyu akitembea atapoa. Nikamwambia, "Nenda nyumbani kalete panga, uwakatie hawa madafu yao, tuyamalize." Mimi, kwa mdomo wangu. Norbert akasema, "Na ya kwangu yawe laini." Sasa anaapa hakusikia.

Lambert alirudi amepoa, dada. Alikuwa na panga kwapani, anajifuta jasho. Alipofika mlangoni alisema, "Haya, madafu yako wapi?" Alikuwa karibu kucheka. Ningeweza kuishi maisha yangu yote ndani ya dakika ile.

Lakini alipokuwa ameondoka Stafford alikuwa amemvalisha mbwa wa Ma Titin kofia ile, ameifunga kidevuni kwa kamba. Lambert akaiona. Stafford akamwambia mbwa, "Msalimie bwana, ndiye aliyekununulia." Tulicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha nikaona mkono wake, na basi.

Nikakimbilia nyuma ya duka. Koplo alipokuja nilikuwa nimekwisha fikiri, na nilichofikiri ni hiki: shahidi hazuiliwi siku moja tu, na meli ni Jumatano. Hakuna kingine. Sikuwa na kinyongo na Lambert, sikumwogopa Norbert. Nilitaka kupanda meli.

"Haya, madafu yako wapi." Maneno manne. Nimeyabeba tangu Mei. Wapelekee, dada, kimbia nayo.

Theofil


Fon Sirik
20 Desemba 1959

Theofil,

Karatasi imefika jana kwa ndege. Nilimfikia wakili kwa miguu kwa sababu lori lilikuwa limeshaondoka. Aliisoma mara tatu, akavua miwani, akasema, "Hii mwezi Oktoba ingekuwa nchi kavu." Ameiambatanisha na ombi. Tunasubiri.

Huku wanapika vya Krismasi. Nami nimepika, sijui nilimpikia nani.

Ozeline


London
11 Januari 1960

Dada,

Nimeulizia meli. Ipo ya mwezi huu mwishoni. Nitakuja nisimame mbele ya yeyote, wanishike bandarini nikishuka. Nimeacha kazi. Niambie tu kama kuna haja, niambie wamesema nini. Namwangalia mtu wa posta kila asubuhi, na sasa yeye ndiye ananitikisia kichwa.

Nakuomba, andika. Hata mstari mmoja.

Theofil


Fon Sirik
9 Februari 1960

Mdogo wangu Theofil,

Salaam kutoka kwa Nennen Agat, ambaye sasa anatembea na fimbo na anaitumia zaidi kwa watu kuliko kwa ardhi. Ng'ombe nimemuuza. Mvua zimekatika. Ma Titin ameacha kuweka meza ya dhumna.

Wakubwa walijibu. Jibu lenyewe lilikuwa la mistari miwili, halikutaja sababu, lakini karani mmoja alimdokeza wakili. Mama alisema mbele ya Mungu kwamba panga lilikuwepo tangu asubuhi. Sasa mjomba anasema lilifuatwa mchana, na mjomba huyohuyo alikwisha kusema hakuwepo. Karani akasema, familia hii ina viapo vitatu na panga moja. Hawakuona cha kuamini.

Walimnyonga Jumanne iliyopita. Wamemzika ndani ya ukuta wa gereza, sikuruhusiwa.

Jumatatu waliniacha nikae naye. Nilimsomea barua yako ya Desemba, yote, hata pale uliposema ulicheka. Nilipomaliza akauliza, "Amekumbuka niliyosema kuhusu madafu?" Nikamwambia amekumbuka, neno kwa neno. Akasema, "Basi. Nilianza kufikiri niliota." Kisha akanitaka nimsomee sehemu ile tena, nikamsomea.

Hakukulaani. Alisema mkono ulikuwa wake na Stafford hakustahili. Amenituma kwa Ma Seraphin kumwomba radhi, nami nimekwenda. Alinifungulia mlango.

Umeuliza kama kuna haja ya kuja. Nikuambie hali ilivyo hapa. Nikipita barabarani wanasema yule ndiye mama wa aliyetembea nusu saa ili akaue. Watoto wa shule wanaipima ile njia kwa hatua, kutoka mlango wangu mpaka kwa Ma Titin, wanahesabu kwa sauti. Karatasi yako iko kwenye jalada mjini, hakuna wa Fon Sirik atakayeisoma. Norbert bado anasema hakusikia kitu.

Kwa hiyo panda meli inayofuata. Njoo Jumapili watu wakitoka Misa, usimame barabarani mbele ya Norbert na mbele yangu, uyaseme aliyoyasema mwanangu aliporudi na panga kwapani. Kesi imekwisha na kiapo hakuna. Hakuna wa kumwokoa, na mtu aliyekwisha kunyongwa hawamtafutii shahidi, kwa hiyo hakuna atakayekufunga. Huna tena cha kuogopa, Theofil. Sasa unaweza kuyasema.

Dada yako,
Ozeline